Je, Wajua? Waliomkimbia Hitler na Mawe ya Katanga

Je, wajua kwamba barua iliyofungua njia ya bomu la atomiki inaitaja Kongo? Ina tarehe ya 2 Agosti 1939, saini ni ya Albert Einstein, na aliyeandikiwa ni Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani. Einstein alikuwa mkimbizi, Myahudi wa Ujerumani aliyekataa kurudi kwao tangu Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933. Anamweleza Rais kwamba urani ya Marekani ni duni sana tena ya kiasi, kwamba Kanada na iliyokuwa Chekoslovakia wanayo nzuri kidogo, ila chimbuko lenyewe hasa ni Kongo ya Wabelgiji.

Jina la mgodi wa Shinkolobwe halimo. Lakini Kongo nzima haikuwa na mgodi mwingine wa urani wa kuzungumziwa. Msomaji wa Kolwezi anapajua hapo, au walau anapapita: malori ya shaba na kobalti yanayotoka kwake kwenda Kasumbalesa hukatiza Likasi, na Shinkolobwe iko kilomita kama 20 tu magharibi ya mji huo. Leo Kolwezi na Likasi ziko katika mikoa miwili, Lualaba na Haut-Katanga. Mwamba haujui habari za mikoa.

Je, wajua kwamba barua hiyo nusura aandikiwe malkia? Mwenye wazo alikuwa Leo Szilard, mzaliwa wa Budapest aliyesoma na kufundisha Berlin, naye akakimbia mwaka 1933. Kilichomkosesha usingizi mwanzoni hakikuwa bomu la Wamarekani. Aliogopa Wajerumani wasije wakajinunulia urani ya Katanga kwa Wabelgiji, kweupe, kama wanunuavyo bidhaa nyingine yoyote. Akakumbuka kwamba Einstein anajuana na Malkia Elisabeth wa Ubelgiji.

Kujuana kwao si kwa kusalimiana tu. Elisabeth alizaliwa Bavaria, Kijerumani ndicho alichonyonya kwa mama, na alipiga fidla. Einstein naye alipiga fidla. Walikuwa wakipiga pamoja kasrini, na mwaka 1933 mwanasayansi huyo alipokosa pa kurudi, alijihifadhi miezi kadhaa De Haan, mji mdogo wa pwani ya Ubelgiji, chini ya ulinzi wa polisi. Na huyo Elisabeth ndiye yuleyule ambaye Wabelgiji waliupa mji wao mpya wa Katanga jina lake mwaka 1910: Elisabethville, ambao tangu 1966 tunauita Lubumbashi. Kwa hiyo ilibaki kidogo tu onyo kuhusu mawe ya Katanga limfikie mwanamke ambaye jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye stesheni ya treni ya Katanga. Einstein alisita kumsumbua malkia kwa jambo kama hilo, na rasimu ya kwanza ikaelekezwa kwa balozi wa Ubelgiji. Baadaye wakaamua ni afadhali Rais mwenyewe.

Wajua Szilard na wenzake walivyofika kwa Einstein? Kwa kuuliza njia kwa mtoto. Szilard hakujua kuendesha gari, hivyo siku ya kwanza, Julai 1939, aliendeshwa na mwenzake Eugene Wigner hadi Long Island, Einstein alikopanga nyumba ya mapumziko. Wakapotea. Wakazunguka wakiulizia nyumba ya mwenye nyumba, hakuna aijuaye. Mwishowe wakamwuliza mvulana mdogo kama anamjua Einstein anakokaa. Mtoto akawaonyesha papo hapo. Safari ya pili dereva alikuwa Edward Teller, ambaye baadaye alikuwa akitania kwamba aliingia katika historia kwa kazi ya udereva. Einstein alitoa maneno yake kwa Kijerumani, nao ndio walioyageuza Kiingereza.

Je, wajua kwamba Einstein hakuruhusiwa kushiriki mradi wenyewe wa bomu? Jeshi la Marekani halikumwamini. Mwaka 1954, miezi michache kabla ya kufa kwake, alimwambia mwanakemia Linus Pauling kwamba kutia saini ile kulikuwa kosa kubwa la maisha yake.

Je, wajua kwamba siri ya kupasuka kwa kiini cha urani ilifumbuliwa na mkimbizi, kwenye theluji? Lise Meitner, mzaliwa wa Vienna, alikuwa amefanya kazi Berlin miaka 30 na ushei. Julai 1938 alitoroka kwa treni kupitia Uholanzi, mfukoni marka 10 tu, na pete ya almasi aliyopewa na mwenzake Otto Hahn, urithi wa mama yake, ili akibanwa mpakani apate cha kuhonga. Krismasi ya mwaka huo alikuwa Uswidi, katika mji wa Kungälv, pamoja na mpwa wake Otto Frisch, mkimbizi naye. Barua ya Hahn ilikuwa imeeleza matokeo ya ajabu ya maabara ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa. Meitner na mpwa wake wakatoka kutembea, mpwa akiteleza kwa ski, Meitner kwa miguu. Wakaketi juu ya gogo, wakatoa vipande vya karatasi na kupiga hesabu. Jibu likapatikana hapo. Tuzo ya Nobel akapewa Hahn peke yake. Meitner alipoalikwa kujiunga na utengenezaji wa bomu alikataa katakata.

Na huyo mpwa? Mwaka 1940 Frisch alikuwa Birmingham, Uingereza, pamoja na Rudolf Peierls, mzaliwa wa Berlin. Siri kubwa ya vita ya Waingereza wakati huo ilikuwa rada, na watu wenye asili ya nchi ya adui hawakutakiwa kuisogelea. Wakabaki na urani, iliyodhaniwa kuwa jambo la wasomi lisilo na haraka. Machi 1940 waliandika waraka mfupi wakionyesha kwamba bomu halihitaji tani za urani. Hesabu yao ya kwanza ilikuwa chini hata ya kilo moja ya urani iliyosafishwa. Tarakimu ilikuwa ndogo kupita kiasi, hitimisho lilikuwa sahihi. Ndivyo zinavyofanya kazi idara za usalama: walifungiwa chumba cha silaha wakaachiwa ghala la baruti.

Je, wajua kwamba kabla Wamarekani hawajaamua kuitafuta urani ya Katanga, tayari ilikuwa imelala New York? Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya migodi ya Union Minière, alisafirisha mwaka 1940 kiasi cha tani 1,200 za mawe ya Shinkolobwe, zaidi ya mapipa 2,000, yakawekwa ghalani Staten Island. Yakakaa. Septemba 1942 afisa wa jeshi, Kenneth Nichols, alipoingia ofisini kwa Sengier kuuliza kama angeweza kuwapatia madini, aliambiwa mzigo uko hapohapo mjini. Mapatano yaliandikwa kwenye karatasi ya manjano ya daftari. Mawe yale yalikuwa na oksidi ya urani ya takriban asilimia 65. Kwingineko duniani, mgodi wenye asilimia moja ulihesabiwa kuwa mzuri.

Mgodi ambao ulikuwa umefungwa na kujaa maji ukafunguliwa upya. Mzigo wa vita ulishika njia ndefu ya ndani: treni kutoka Jadotville, ndiyo Likasi, hadi Port-Francqui, ndiyo Ilebo, hapo ukapakiwa kwenye matishari ya mto Kasai hadi Léopoldville, kisha treni tena hadi Matadi, na meli. Pima mwenyewe mikono iliyobeba. Kuyachambua mawe, kuyatia magunia, kuyapakia, kuyapakua, kuyapakia tena: kazi hiyo waliifanya Wakongo, wala hakuna aliyewaambia wanabeba nini.

Hapa ndipo safu hii inapobanwa. Ya Einstein tunajua mpaka jina la dereva aliyemleta mgeni wake. Ya Sengier tunajua rangi ya karatasi. Ya waliochimba, majina hayamo katika simulizi hizi zote. Sengier amepewa hata madini, sengierite. Kolwezi nayo ina yake, kolwezite, iliyotambuliwa katika mgodi wa Musonoi. Einstein ana elementi, Meitner ana elementi. Mwenye sururu hana kitu.

Wajua basi hali ilivyokuwa Katanga miaka hiyohiyo? Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma Jadotville na Elisabethville kudai mshahara, kwa kuwa vita ilipandisha bei ya kila kitu isipokuwa jasho lao. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika uwanjani Elisabethville. Makumi waliuawa, Léonard Mpoyi, kiongozi wao, akiwamo. Siku moja kabla, tarehe 8, alizaliwa huko Jadotville mtoto aliyepewa jina Valentin-Yves Mudimbe. Tutamrudia.

Je, wajua kwamba Wayahudi waliokimbilia Katanga wengi wao hawakuwa wasemaji wa Kijerumani? Jumuiya ya Elisabethville ilitokana hasa na kisiwa cha Rhodes, watu waliozungumza Kihispania chao cha kale. Ukitaka kuwaona wakimbizi wa Kijerumani wakiishi, wakilima na kuandika kati ya wasemaji wa Kiswahili, inabidi uende mashariki, Kenya.

Huko utamkuta Stefanie Zweig. Alizaliwa mwaka 1932 Leobschütz, Silesia ya Juu. Baba yake Walter alikuwa wakili aliyepigwa marufuku kufanya kazi kwa kuwa ni Myahudi. Mwaka 1938 wakahamia Kenya, na wakili akawa msimamizi wa shamba la mzungu mwingine huko Rongai, akijifunza ng'ombe na Kiswahili kwa pamoja. Katika riwaya aliyoiandika bintiye miaka mingi baadaye, mume anamwandikia mkewe barua kutoka Kenya akimsihi alete sanduku la barafu la kuhifadhia chakula. Mama anafika na gauni la jioni. Nimesoma maelezo mengi kuhusu uhamisho wa wasomi wa Ulaya. Gauni lile peke yake linaeleza zaidi kuliko mengi ya hayo.

Vita ilipotangazwa mwaka 1939, Waingereza waliwakamata wanaume wote wa Kijerumani, wakiwamo waliomkimbia Hitler. Na wanawake na watoto? Kambi haikuwa tayari, wakawekwa katika hoteli za fahari za Nairobi, Norfolk na New Stanley. Mke wa msimamizi wa shamba, aliyekuwa akihesabu senti, akajikuta akihudumiwa na wahudumu waliovaa glavu kwa kosa la kuwa adui wa Uingereza. Ukoloni haukukosa vichekesho.

Binti alikua akiota kwa Kiswahili. Mwalimu wake wa kweli alikuwa Owuor, mpishi wao, Mjaluo. Ndiye aliyemfundisha jinsi ya kuketi na watu na jinsi ya kunyamaza. Mwaka 1947 familia ilirudi Ujerumani, baba akawa hakimu Frankfurt. Riwaya, Nirgendwo in Afrika, ilitoka mwaka 1995, na filamu iliyotengenezwa na Caroline Link kutokana nayo ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Aliyeigiza Owuor ni Sidede Onyulo wa Kenya, na humo ndani Kiswahili kinasemwa kama lugha ya nyumbani, si kama pambo. (Swali huja kila mara: hapana, hakuwa ndugu wa Stefan Zweig, aliyejiua Petrópolis, Brazil, Februari 1942. Wala Stefan hakuwa ndugu wa Arnold Zweig, aliyekimbilia Haifa. Wazweig ni wengi.)

Je, wajua kwamba Joy Adamson, yule wa simba Elsa, naye aliletwa na mambo hayohayo? Alizaliwa mwaka 1910 Troppau, wakati huo Austria, jina lake Friederike Gessner. Mume wake wa kwanza, Viktor von Klarwill, alikuwa na asili ya Kiyahudi, akamtuma Kenya mwaka 1937 apeleleze kama panafaa kuhamia. Melini akakutana na mtaalamu wa mimea Peter Bally, na habari za von Klarwill zikaishia hapo. Kabla ya kitabu cha Elsa cha mwaka 1960 alichora mamia ya picha za watu wa makabila ya Kenya. Mimi nazipenda zile kuliko simba.

Na Ernst May? Huyu ndiye msanifu majengo aliyeijenga upya Frankfurt katika miaka ya 1920, akaenda Urusi kupanga miji ya viwanda, na mwaka 1934, Hitler akiwa ameshika nchi, akaja kulima kahawa karibu na Arusha. Mwaka 1937 akahamia Nairobi kurudia kazi yake. Waingereza walimfunga Afrika Kusini kama raia wa adui, kisha wakamwachia, kisha wakampa kupanga upanuzi wa Kampala. Ukipita Moshi, tazama jengo la Chama cha Ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU: ni kazi yake, ya mwanzo wa miaka ya 1950. Wachagga walimlipa kwa fedha za kahawa, zao lilelile alilowahi kulima yeye mwenyewe.

Uganda ilimpata Klaus Wachsmann, mwanamuziki msomi wa Berlin aliyefika mwaka 1937 na baadaye kuwa mkuu wa Makumbusho ya Uganda. Alizunguka na mashine ya kunasa sauti kutoka kijiji hadi kijiji. Sauti alizozinasa zimehifadhiwa London, na nakala zake zimerudishwa Makerere, ambako wajukuu wa wapiga ngoma wale wanaweza kuwasikiliza babu zao.

Je, wajua kwamba kulikuwa pia na Mswahili upande wa pili, ndani ya Berlin, ambaye hakupata pa kukimbilia? Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari Mwafrika wa jeshi la Wajerumani. Naye alipelekwa vitani akiwa mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara ya marehemu baba yake na yake mwenyewe. Hawakumlipa. Akabaki, akawa mhudumu wa baa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza Mwafrika mtiifu katika filamu za wakoloni, ikiwamo ile ya Carl Peters ya mwaka 1941. Mwaka huohuo wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Maprofesa wa Kiswahili wa Ujerumani, waliokula mkate kwa lugha yake, hawakumwokoa. Tangu 2007 kuna jiwe dogo lenye bamba la shaba njano na jina lake njiani Berlin, mbele ya nyumba alikoishi.

Wajua kwamba Bertolt Brecht aliubadilisha mchezo wake wa Galileo kwa sababu ya bomu? Aliuandika uhamishoni Denmark mwishoni mwa miaka ya 1930, na Galileo wa wakati ule ni mjanja anayejifanya mnyonge mbele ya Kanisa ili aendelee kuandika kwa siri. Kisha Brecht akapitia Uswidi, Ufini, akaivuka Urusi hadi Vladivostok, akafika California mwaka 1941. Yuko huko akiufanyia mchezo kazi na mwigizaji Charles Laughton, Hiroshima ikapigwa, tarehe 6 Agosti 1945. Urani iliyotumika, sehemu kubwa, ilitoka Shinkolobwe. Galileo wa toleo jipya, lililochezwa Los Angeles mwaka 1947, hajisifu tena: anajihukumu kwa kuwapa wakubwa elimu waitumie watakavyo. Oktoba mwaka huo Brecht alihojiwa na kamati ya Bunge la Marekani kuhusu ukomunisti, na kesho yake akapanda ndege kwenda Ulaya.

Wengine kwa haraka. James Franck, aliyejiuzulu Göttingen mwaka 1933, aliongoza wanasayansi walioiomba serikali ya Marekani, Juni 1945, isilitupe bomu juu ya mji bila onyo. Robert Jungk, mzaliwa wa Berlin aliyetangatanga Prague, Paris na Zürich, aliandika mwaka 1956 kitabu mashuhuri juu ya waliolitengeneza. Günther Anders, mwanafalsafa aliyerudi kutoka uhamishoni Marekani, alikwenda Hiroshima mwaka 1958 na kuandikiana barua na Claude Eatherly, rubani wa ndege iliyotangulia kupima hali ya hewa. Na Klaus Fuchs, mkomunisti aliyemkimbia Hitler mwaka 1933, alifanya kazi ndani ya mradi na kuwapa Warusi siri zake. Akafungwa mwaka 1950.

Shinkolobwe yenyewe ilifungwa rasmi kwa amri ya Rais Joseph Kabila mwaka 2004, na mwaka huohuo shimo liliporomoka likaua wachimbaji wa mikono. Walikuwa wakitafuta kobalti.

Sasa Mudimbe, yule mtoto wa Desemba 1941. Alikua akawa mwandishi na mwanafalsafa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Rais Mobutu alipotaka kumwingiza katika Kamati Kuu ya chama chake, akaona heri aondoke. Akaenda Marekani, nchi ileile iliyowapokea Einstein na Brecht, akatoa mwaka 1988 The Invention of Africa, kitabu ambacho hakuna anayesomea habari za Afrika chuoni awezaye kukikwepa. Alifariki mwaka 2025.

Je, wajua, la mwisho, kwamba mwaka 1938 Chuo Kikuu cha Graz, Austria, kiliwapoteza washindi watatu wa Nobel? Erwin Schrödinger alitoroka, Victor Hess alifukuzwa, na Otto Loewi alitiwa jela kisha akaachiwa aondoke baada ya kulazimishwa kuwakabidhi Wanazi fedha za tuzo yake. Katika chuo hichohicho leo anafundisha fasihi ya Afrika Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981. Alialikwa mjini Graz kama mwandishi mwaka 2009, akabaki, na siku hizi huandika kwa Kijerumani pia. Riwaya yake Tram 83, ya mwaka 2014, inatokea katika mji wa migodi wenye wachimbaji, wanafunzi, watalii wanaotafuta faida na baa isiyofungwa. Tafsiri yake ya Kijerumani ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya fasihi mjini Berlin mwaka 2017.